Kuzuru na Kutalii: Makaburi ya Mnara na Mizimu katika Viunga vya Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Makala hii inaeleza jinsi makaburi ya kale ya mawe na mahali pa mizimu katika viunga vya Dar es Salaam panavyoendewa na watu, na jinsi Kiswahili kinavyoutaja mwendo huo. Mambo haya mawili aghalabu hutenganishwa. Wanaakiolojia hupima kuta na kuzipa karne. Wanaisimu hukusanya maneno na kuyapa asili. Lakini katika Kunduchi, Msasani na Mbuamaji swali la nani ana haki ya kuingia makaburini, kwa adabu ipi na kwa sababu gani, limo ndani ya maneno yenyewe. Anayesema anakwenda kuzuru na anayesema anakwenda kutalii huenda wakasimama mbele ya kaburi moja, saa moja, na wasiwe wamefika mahali pamoja.

Eneo linalozungumziwa ni ukanda wa pwani unaoanza Mbweni na Kunduchi upande wa kaskazini, ukapita Msasani, ukavuka mlango wa bandari hadi Mbuamaji na Kimbiji upande wa kusini. Kwa miaka mingi sehemu ya kaskazini ilikuwa ya Wilaya ya Kinondoni na ya kusini ya Wilaya ya Temeke. Tangu mgawanyo wa miaka ya 2015 na 2016 Mbuamaji na Kimbiji zimo katika Kigamboni, ingawa wazee wengi bado huzitaja kuwa ni za Temeke. Miji hii midogo ni mikongwe kuliko jiji linaloimeza. Sayyid Majid wa Unguja alipoanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, Kunduchi ilikwisha kuzika watu wake chini ya minara ya mawe kwa vizazi kadhaa.

2.0 Jina la kitu: mnara, nguzo na mawe makuu

Katika maandishi ya kigeni makaburi ya kale ya mawe hupangwa mara nyingi chini ya jina moja la jumla, yaani majengo ya mawe makuu: mawe mazimamazima yaliyosimamishwa kwa nguvu za watu wengi pasipo chokaa. Afrika ya Mashariki inayo mifano ya kweli ya namna hiyo. Lothagam Kaskazini, magharibi mwa Ziwa Turkana, wafugaji wa takriban miaka 5,000 iliyopita walizika wafu wao katika jukwaa la mviringo na kusimamisha nguzo za mawe ya volkeno kando yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kuwa waliozikwa hapo si chini ya watu 580. Huko Tiya, Ethiopia, mawe yaliyochongwa alama za panga yamo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1980.

Pwani ya Dar es Salaam haina kitu cha aina hiyo. Mnara wa Kunduchi haukuchongwa katika jiwe moja. Umejengwa kwa mawe madogo ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, ukapigwa lipu na kulainishwa. Kuuita mnara huo jiwe kuu ni kuuvika joho la mtu mwingine. Hata hivyo wapo waliotafuta uhusiano. James Kirkman, aliyechimba Gedi kuanzia mwaka 1948, na wengine waliomfuata, walijadili kama mnara wa kaburi la Mswahili una nasaba na mawe na magogo yanayosimamishwa makaburini na watu wa bara na wa Pembe ya Afrika, wengine wakiuona kuwa ni ishara ya uume na uzazi. Hoja hiyo haijapata ushahidi wa kuikata wala wa kuithibitisha. Lililo dhahiri ni kwamba Uislamu wa Bara Arabu haukuleta umbo hili. Ni zao la pwani yenyewe, kuanzia kusini mwa Somalia hadi pwani ya kati ya Tanzania.

Katika Kiswahili cha kitaaluma yanashindana majina mawili: kaburi la nguzo na kaburi la mnara. La kwanza ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, na kwa sababu hiyo limependwa katika vitabu vya shule. La pili ndilo linalofaa. Nguzo katika Kiswahili hubeba. Huwa na paa juu yake, au dari, au angalau mtu huielewa kuwa imewekwa ili kitu kisianguke. Ndiyo maana husemwa nguzo za Kiislamu na nguzo za nyumba. Umbo linaloinuka kutoka ukuta wa kaburi halibebi chochote. Linaonekana tu, na kazi yake ni kuonekana. Tena neno mnara lina historia ya kustaajabisha katika pwani hii. Misikiti ya kale ya Waswahili, isipokuwa michache sana, haikuwa na mnara wa kuadhinia. Kwa karne nyingi, basi, mnara aliouona Mswahili katika mji wake ulikuwa wa kaburini kabla ya kuwa wa msikitini.

3.0 Kunduchi

Magofu ya Kunduchi yapo kaskazini mwa jiji, nje kidogo ya barabara ya Bagamoyo, chini ya mibuyu, karibu na ufuo wenye hoteli na wavuvi. Yana mabaki ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 15 au ya 16, na makaburi ambayo mengi yake ni ya karne ya 18. Tofauti hiyo ya umri ina maana yake. Mji uliojenga msikiti uliendelea kuishi, au uliishi tena baada ya kufifia, na watu wa karne ya 18 walichagua kuzika kando ya msikiti wa babu zao kwa umbo ambalo kaskazini, huko Malindi na Gedi, lilikuwa limekwisha kuwa la zamani. Kaburi moja la Gedi lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Kati ya kaburi hilo na yale ya Kunduchi kuna takriban miaka 350 au 400. Watu wa Kunduchi walishika ufundi wa kale, wakajua kuwa ni wa kale, na pengine kwa sababu hiyo hiyo wakautaka.

Waliozikwa hapo wanahusishwa na Washomvi, watawala wa miji midogo ya pwani kati ya Bagamoyo na Mbuamaji, ambao masimulizi yao hutaja asili ya Barawa. Washomvi waliishi kwa makubaliano na Wazaramo waliokuwa nyuma yao. Masimulizi ya pande zote mbili husema kuwa Wazaramo, chini ya Pazi, waliwasaidia watu wa pwani kuwafukuza Wakamba, na malipo ya msaada huo yakawa ada ya kila mara iliyoitwa kanda la pwani. Kwa hiyo makaburi ya Kunduchi si ya kundi lililojifungia. Yapo katika mpaka wa jamii mbili zilizooana, zilizogombana na zilizolipana, na hali hiyo itaonekana tena katika jinsi yanavyozuriwa.

Jambo lililoyapatia makaburi haya sifa ni maandishi na vyombo. Baadhi yana maandishi ya Kiarabu, jambo lisilo la kawaida kwa makaburi ya mnara, ambayo mengi ni mabubu. Maandishi ya aina hiyo ya pwani nzima yaliorodheshwa na Freeman-Grenville na Martin mwaka 1973. Vyombo ni mabakuli na sahani za kauri, zikiwamo za Kichina, zilizopachikwa katika lipu ilipokuwa bado mbichi. Mwaka 1955 Mortimer Wheeler, alipokuwa Dar es Salaam, alisema kwa maana kwamba historia ya Tanganyika iliyofukiwa ardhini tangu karne ya 10 imeandikwa kwa kauri ya China. Kauli hiyo ilisaidia sana, maana miaka miwili baadaye ilianzishwa Idara ya Mambo ya Kale, na Neville Chittick akawa mkuu wake wa kwanza. Lakini kauli hiyo ililiona bakuli kuwa ni tarehe tu. Aliyelipachika hakuwa akimwachia mwanaakiolojia tarehe.

Alikuwa akifanya nini? Maelezo yaliyotolewa ni mengi. Bakuli ni mali, na mali iliyotoka mbali ni heshima ya marehemu na ya ukoo wake. Bakuli hung'aa, na kinachong'aa hurudisha jicho la hasidi lilikotoka. Bakuli ni chombo cha kulia, na mfu aliyewekewa chombo bado anahesabiwa miongoni mwa wanaokula. Maelezo hayo hayapingani, na hakuna sababu ya kuchagua moja. Sifa za marehemu zilikuwa kinga yake, na kinga yake ilikuwa ni kukumbukwa mezani.

Leo sehemu kubwa ya vyombo hivyo havipo. Katika makaburi ya pwani nzima mgeni huona mashimo ya mviringo yaliyopangika vizuri, kila shimo likiwa na duara safi la lipu pale ulipokuwa mdomo wa bakuli. Baadhi ya vipande vilihifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam. Vingine viling'olewa kwa tindo na watu waliojua bei yake. Jambo hili halikutokea kwa minara tu. Vigango vya Wamijikenda wa Kenya, yaani magogo yaliyochongwa kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu, viliibwa kwa mamia na kufika katika majumba ya makumbusho ya Marekani; viwili vilirudishwa Kenya mwaka 2007. Kigango kinaweza kurudi kwa sababu ni kizima na kina familia inayokidai. Bakuli la mnarani likishang'olewa huwa bakuli kama mabakuli mengine, wala halina tena kitu cha kulitofautisha na lile lililotoka jikoni.

4.0 Mzimu ni nani, au ni wapi?

Kando ya makaburi yenye mawe pana mahali pengine ambapo hapana jengo lolote: mbuyu, pango, kisima, kichaka kisichokatwa. Pwani hupaita mahali hapo mzimu. Neno hili ni la Kibantu na lina jamaa zake katika lugha nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, ambako hutaja roho ya mtu aliyekufa. Katika Kiswahili limezaa pia kuzimu, yaani makao ya wafu, na wazimu, ambao kwa mtazamo wa zamani ni hali ya mtu aliyeshikwa na mizimu.

Kisarufi neno hili lina tabia ya pekee. Umbo lake la wingi ni mizimu, kama miti na mito, wala si wazimu kama watu. Hata hivyo upatanisho wake huyumba kwa kufuata maana. Anayesema mzimu umefyekwa anazungumzia mahali. Anayesema mzimu amekasirika anazungumzia mwenye mahali. Mzungumzaji mmoja huweza kutumia yote mawili katika sentensi moja pasipo kuona kuwa amekosea, na kwa hakika hajakosea: kwake mwenyeji na makao hayajaachana. Tafsiri za kigeni hulazimika kuchagua, na hapo ndipo upotofu wa maelezo mengi ya dini za jadi unapoanza. Neno mahali patakatifu, linalopendwa katika maandishi ya kisasa, halisaidii sana. Takatifu linatokana na kutakata, na sifa ya kwanza ya mzimu si usafi. Ni kwamba pana mtu.

Marja-Liisa Swantz, aliyeishi Bunju, kaskazini ya Kunduchi, katika miaka ya 1960 na kuchapisha mwaka 1970 kitabu kuhusu ibada na ishara za Wazaramo, alionyesha jinsi jamii iliyokwisha kuwa ya Kiislamu ilivyoendelea na matambiko ya wahenga pasipo kuona mgongano mkubwa. Mzaramo yule yule aliyefunga Ramadhani alijua pia njia ya makaburi ya ukoo wake. Kwa mambo makubwa zaidi, hasa mvua, Wazaramo walikwenda mbali hadi kwa Kolelo, katika pango la milima ya Uluguru. Jina la Kolelo lilihusishwa baadaye na habari za dawa zilizoenea kabla ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905. Serikali ya Wajerumani ilijifunza wakati huo kwamba watu wanaokwenda kuzuru huenda pia wakabeba habari.

Mipaka kati ya kaburi la Shomvi na mzimu wa Mzaramo, basi, haikuwa migumu. Kaburi la mtu mkubwa, likizeeka na jina la mwenyewe likisahaulika, huendelea kuzuriwa kwa sababu ya nguvu yake wala si kwa sababu ya nasaba yake. Mfano ulio wazi upo Mombasa, kwenye mnara wa Mbaraki: ni mnara wa kale uliojengwa kando ya msikiti, lakini watu walipeleka hapo ubani na marashi kwa ajili ya mwenye mahali. Huko Kaole, karibu na Bagamoyo, kaburi la mwanamke anayeitwa Sharifa huombewa dua na watu wenye haja mbalimbali, na maji ya kisima kilicho karibu huhesabiwa kuwa na baraka.

5.0 Adabu ya kuzuru

Kuzuru ni neno la Kiarabu lililoingia pamoja na sheria yake. Katika Uislamu kuzuru makaburi kumeruhusiwa, kwa masimulizi mashuhuri kwamba Mtume alikukataza mwanzoni, kisha akakuruhusu kwa kuwa kunamkumbusha mtu akhera. Pwani imelipanua neno hili sana. Ziara ni tendo la kuzuru; ziara huweza pia kuwa kaburi lenyewe linalozuriwa; na maziara ni uwanja wa makaburi. Ni lugha chache ambamo makaburi huitwa kwa jina la wale wanaoyaendea. Inafuata kwamba kaburi lisilozuriwa, kwa mantiki ya neno hilo, limepungukiwa na kitu zaidi ya usafi.

Utaratibu wake unajulikana pwani nzima, pamoja na tofauti ndogo za mahali. Anayezuru huwa na udhu. Huvua viatu. Huwasalimu wenyeji wa makaburini kama mtu anayepiga hodi, kisha husoma Fatiha au Yasini na kuombea. Mahali pengine hufukizwa ubani au udi katika chetezo, hunyunyizwa marashi ya mawaridi, na huachwa kitambaa cheupe au sarafu. Mwenye nadhiri huitaja nadhiri yake na hurudi kuitimiza haja yake ikijibiwa. Kabla ya yote hayo, na hili ndilo tendo ambalo waandishi wengi hulipita haraka, mtu hufagia. Kufagia makaburi ni kazi ya jamaa, na anayefagia hujitambulisha kwa kufagia kwake kuwa ni jamaa. Ni hati ya nasaba isiyoandikwa. Penye kaburi lisilo na maandishi, na mengi hayana, ufagio ndio ushahidi wa pekee wa nani ni wa nani.

Si wote wanaokubaliana na mambo haya. Mjadala kati ya wanaoshikilia ziara na maulidi na wale wanaoona kwamba kuomba mbele ya makaburi kunakaribia ushirikina ni wa zamani katika Uislamu, na katika Tanzania ulipata nguvu mpya katika miongo ya mwisho ya karne ya 20. Pande zote mbili zina hoja za kielimu, na si kazi ya makala hii kuzihukumu. Linaloihusu ni matokeo yake katika lugha: watu wengi sasa hutofautisha kwa makini kumwombea maiti na kumwomba maiti. Kiambishi kimoja cha kutendea kinabeba mgogoro mzima wa kitheolojia, na msikilizaji asiyekuwa makini na viambishi huweza kumsingizia mwenzake ukafiri.

6.0 Gofu na mtalii

Maneno mawili mengine yamekuja juu ya hayo. La kwanza ni magofu. Kibao cha serikali, kitabu cha mwongozo na ramani husema Magofu ya Kunduchi, Magofu ya Kaole. Gofu katika Kiswahili cha kawaida ni kitu kilichochakaa hadi kubaki mifupa. Gofu la nyumba ni kuta zisizo na paa. Gofu la mtu ni mtu aliyekondeana kwa maradhi. Kwa msikiti ulioanguka neno hili ni sahihi. Kwa makaburi si sahihi hata kidogo, kwa sababu kaburi halikukusudiwa kukaliwa na walio hai, wala halikuacha kukaliwa na aliyewekwa humo. Kuliita kaburi gofu ni kutangaza kwamba limekwisha kazi yake. Hapana shaka tangazo hilo halikukusudiwa. Lakini linasomwa.

La pili ni mtalii. Katika Kiarabu tendo ambalo neno hili limetokana nalo linahusu kusoma kwa kupitia, kupekua kitabu. Kiswahili kimeligeuza likawa ni kusafiri kwa ajili ya kutazama. Mtalii halisi, kwa asili ya jina lake, angekuwa msomaji wa makaburi: angesoma maandishi, angesoma mashimo ya mabakuli, angesoma mibuyu. Kinyume chake, neno ziara nalo limehama. Magazetini ziara ni ya kiongozi, na huwa ya kikazi au ya kiserikali. Mtu anayesikia ziara ya Kunduchi huweza kufikiri kwamba kuna waziri anayekuja.

Sheria nayo ina lugha yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979 na iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1937, huhesabu kuwa kumbukumbu ya kale jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Makaburi ya mnara yanaingia pasipo taabu. Kaburi la Mzaramo lililowekewa gogo lililochongwa mwaka 1900 haliingii kwa umri. Mzimu usio na ukuta hauna mwaka wa kujengwa kabisa, na ulinzi wake unategemea tamko la Waziri. Mwaka 1863 una busara fulani ya kiutawala, lakini kwa watu wanaozuru hauna maana yoyote. Hakuna mtu anayekoma kuwa babu kwa sababu alikufa mwaka 1864.

Tofauti hizi zingebaki za kinadharia kama ardhi ingekuwa nyingi. Haiko hivyo. Kunduchi imezungukwa na machimbo ya kokoto, nyumba na hoteli, na ufuo wake umekuwa ukiliwa na bahari kwa miongo kadhaa. Katika miaka ya 1970 na 1980 mmomonyoko ulikwisha kuharibu majengo ya hoteli, na uchimbaji wa mchanga katika mito inayoshuka hapo ulitajwa kuwa ni sababu mojawapo. Msasani, iliyokuwa kijiji cha wavuvi chenye makaburi yake ya kale, imekuwa kitongoji cha matajiri. Mbuamaji ililindwa na maji kwa muda mrefu, kwa kuwa aliyetaka kufika alipanda kivuko au alizunguka mbali. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016 ulinzi huo ulipungua, na bei ya viwanja ikapanda. Ndipo swali la ushahidi linaporudi. Mnunuzi ana hati. Idara ina orodha ya majengo ya kabla ya 1863. Jamaa wana ufagio na masimulizi. Katika baraza la ardhi ufagio hausomeki.

7.0 Chokaa

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo pande zote hizi zinakutana, nalo ni ukarabati. Kuta za matumbawe na chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka, na chumvi ya bahari hutoka pamoja nao. Mahali pengi katika pwani kuta za namna hii zilizibwa kwa saruji na watu wenye nia njema. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake na haipitishi unyevu, hivyo chumvi hukusanyika ndani na matumbawe husagika kuwa unga, ilhali kiraka kimesimama kizima. Mizizi ya mbuyu nayo hupasua kuta za makaburi, lakini kuung'oa mbuyu ni kuung'oa mzimu, na kivuli chake ndicho kinachopunguza jua na mvua juu ya lipu ya kale. Elgidius Ichumbaki, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 2015, aliichukua mibuyu na imani za watu pamoja na magofu kuwa suala moja la utafiti, na njia hiyo inaelekea kuwa ndiyo yenye matunda.

Chokaa ya zamani ilichomwa kwa kupanga matumbawe juu ya magogo, duara juu ya duara, kisha kuwasha moto na kuacha mvua au maji yaizimue kwa muda mrefu. Matumbawe laini yaliyotolewa baharini yalichongwa yangali mabichi kwa ajili ya mapambo, na mawe magumu ya nchi kavu yakatumika kwa kuta. Kila hatua ya kazi hiyo ilikuwa na jina lake: la tanuri, la magogo ya chini, la chokaa iliyozimuliwa na ile ambayo bado ina moto, la mwiko wa kulainishia. Wajuzi wa kazi hiyo ni wachache na wengi ni wazee. Ukarabati wa mnara mmoja ukifanywa kwa chokaa badala ya saruji, na fundi akawa ni mtu wa hapo hapo ambaye jamaa zake hufagia makaburi hayo, majina hayo yote hutamkwa tena kazini kwa wiki kadhaa, na mwanafunzi mwenye daftari akikaa kivulini karibu na tanuri huweza kuyaandika kabla moto haujapoa.